Siku Kumi na Nne za Madamu

Rodwell Mwaba hakuwa mlevi, na hilo lisemwe mapema, kwa sababu watu wa Nchelenge wakisikia mume amempiga mke huuliza kwanza alikunywa nini. Hakunywa kitu. Alikuwa fundi wa injini za boti, mtu wa mikono safi, anayeweza kukaa saa tatu juu ya kabureta moja akipuliza tundu lisiloingia hata sindano, bila kunung'unika. Wavuvi wa kisiwa cha Chisenga walimtumia boti ije kumchukua, na walipomrudisha walisema fundi yule ana subira ya ajabu. Mkewe, Joëlle, alizisikia sifa hizo akiwa anageuza chisense zake, dagaa wa ziwa lile, juani, akaendelea kuzigeuza.

Subira ya Rodwell ilikuwa ya kweli. Joëlle aliijua kuliko mtu yeyote, na ndiyo nusura imuue.

Joëlle alifika upande huu wa ziwa mwaka 2017, akiwa na miaka kumi na tisa, amelala sakafuni mwa boti pamoja na watu kumi na mmoja. Kule Kongo, watu wenye mishale na mapanga waliingia kijijini kwao asubuhi, wanawake wakiwa mtoni wanaloweka mihogo. Baba yake alipigwa mshale wa shingo akiwa anafunga mlango. Dada yake, Florentine, alirudi ndani kuchukua sufuria, wakamkata pale pale kizingitini. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja, na Joëlle alitoka kwa kuuruka mwili wa dada yake. Mpaka leo hapendi kusimama mlangoni.

Boti iliwashusha wakapelekwa Kenani, kambi ya wakimbizi. Hakuwa ametia kitu mdomoni kwa siku mbili. Kabla mtu hajamuuliza jina, mama mmoja wa kambini alimwekea kikombe cha uji mkononi, ukamwunguza ulimi, akaendelea kunywa. Machozi yalimtoka kwa moto wa uji na kwa mengine yote. Tangu siku hiyo akawa na sheria moja moyoni: mtu aliyetoka kwenye balaa hupewa chakula kwanza, maswali baadaye. Wengi waliopita Kenani wana sheria hiyo. Yeye ilimgharimu jino.

Rodwell alimkuta sokoni Kashikishi akiuza samaki, akamsalimu kwa Kiswahili alichookota kwa wateja wake wa Kongo, kibovu lakini cha heshima. Walioana. Lugha ya nyumba ikawa Kiswahili hicho hicho, kwa sababu Kibemba cha Joëlle kilikuwa bado cha sokoni tu. Mwaka wa kwanza ulipita vizuri, na uongo hausaidii, Joëlle alikuwa na furaha.

Kisha akaja Madamu.

Rodwell alikuwa anachimba shimo la choo nyuma ya nyumba. Jembe likafungua tundu lililopambwa utando mweupe, akatoka buibui mkubwa kama kiganja cha mtu mzima, mwenye manyoya ya kahawia, miguu ya mbele ameiinua juu kwa vita. Mtu mwingine angemmaliza kwa jembe. Rodwell alimfunika na ndoo. Mzungu mmoja aliyekuwa akipima maji ya ziwa alimwambia kwamba huyo ni jike, anaweza kuishi miaka ishirini, na akamfundisha mambo mawili matatu ya kumtunza. Mengine Rodwell aliyapata kwenye simu, ambako kuna watu duniani kote wanaofuga buibui na kusifiana. Alimjengea sanduku la vioo vya dirisha, akaziba pembe zote kwa gundi, akamwekea udongo na kizibo cha chupa chenye maji, akaliweka sebuleni juu ya meza ambapo wengine huweka televisheni. Akamwita Madamu. Nyenje wa kumlisha aliwafuga kwenye ndoo yenye mfuniko wa matundu.

Majirani walinong'ona mambo ya uchawi kwa wiki chache. Lakini kila mwenye boti alimhitaji fundi, na minong'ono ikaisha yenyewe.

Miezi ikapita, Madamu akaacha kula. Tumbo likawa jeusi, akatandika utando chini kama mkeka, na asubuhi moja Joëlle akamkuta amelala chali, miguu juu. Rodwell alikuwa Chisenga. Joëlle alidhani amekufa. Alipomchungulia tena mchana, pembeni mwake palikuwa na buibui wa pili, mtupu, na Madamu mwenyewe amekaa kando, amepauka, anatetemeka. Alikuwa ametoka kwenye ngozi yake. Joëlle hakujua jambo hilo lipo. Alichokiona ni kiumbe kilichotoka kwenye balaa, chembamba, hakijala kwa wiki tatu. Akafungua ndoo, akachagua nyenje mnene kuliko wote, akamtumbukizia.

Jioni Rodwell aliporudi, nyenje alikuwa amekaa juu ya Madamu anamtafuna. Mguu mmoja ulikuwa umekwisha.

Alimtoa nyenje kwa kibano, taratibu, akamponda kwa kidole. Akafunga sanduku. Kisha akamgeukia mkewe na kumpiga ngumi ya mdomo, moja, iliyomwangusha juu ya kiti na kiti kikavunjika. Alipojaribu kuinuka akampiga ya pili. Jino la mbele lilitoka na kipande cha fizi. Halafu, na hili ndilo Joëlle halisahau, akachuchumaa karibu naye pale sakafuni na kumfundisha.

"Sikia bien," alisema kwa sauti ya chini. "Akitoka kwa ngozi, mwili yake iko laini kama yai ya kupika. Meno iko nyeupe, haiwezi kuuma. Ukimupa nyenje mbio, nyenje njo anamukula yeye. Unamupa maji tu. Kama ni mukubwa, unangojea siku kumi na ine. Meno inakuwa nyekundu, kisha nyeusi. Ikikuwa nyeusi kabisa, unaanza na kanyenje kadogo. Mbele ya pale, hakuna kumugusa, hata meza hapana kugusa. Umesikia?"

Joëlle aliitikia kwa kichwa, damu ikidondoka kifuani. Alikuwa amesikia.

Baada ya hapo kupigwa kukawa sehemu ya nyumba. Alipigwa kwa mkanda wa kuwashia injini, kwa sababu alichelewa sokoni. Alisukumwa kwenye tanuru la kukaushia samaki, akaungua bega. Alivunjwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kwa sababu ambayo hata Rodwell mwenyewe hakuieleza. Mara mbili alikimbilia kwa mama mkwe, Bana Rodwell, yaani mama Rodwell, na mara mbili alirudishwa. Hakuwa na ndugu upande huu wa kumfungulia mlango, na mchungaji wa kanisa lao alisema nyumba ya ndoa haikimbiwi.

"Hasira inamukamata, mwanangu," Bana Rodwell alimwambia, akimfuta uso kwa kitenge. Mama huyo hakuwa mbaya, na alilia pamoja naye. "Anakuwa kama mutu mwenye kulala. Hajue kitu anafanya. Hajue."

Ajabu ni kwamba Joëlle aliyapokea maneno hayo, akayatunza. Wale wa mishale walijua walichofanya, aliwaona macho yao. Huyu hajui. Mtu anaweza kuishi na asiyejua, kama anavyoishi na ziwa ambalo siku moja linageuka na kuzamisha boti. Hivyo ndivyo alivyojipoza kwa mwaka mzima na zaidi, huku akiziba pengo la mdomo kwa kiganja kila alipocheka.

Akashika mimba. Madamu naye akaacha kula.

Uchungu ulimkamata alfajiri ya Jumapili, akiwa amekwenda Kafutuma kufuata mihogo. Akazalia kwenye kituo cha afya cha huko, mtoto wa kike mkubwa aliyempasua vibaya. Nesi alimshona nyuzi tisa na kumwambia kwa wiki sita asinyanyue ndoo, asichuchumae kufua, na mumewe asimsogelee. Rodwell hakuja. Alituma ujumbe kwa simu kwamba Madamu amelala chali tangu asubuhi, hawezi kutoka. Mtoto akaitwa Chola, jina la bibi yake Rodwell.

Siku ya tatu Joëlle alifika nyumbani, anatembea kwa hatua fupi fupi. Sebule ilikuwa na kitambaa dirishani. Rodwell alimpokea kwa kidole juu ya midomo. Ndani ya vioo Madamu alikuwa amekaa juu ya utando wake, mpya, meno meupe. Joëlle aliihesabu miguu: ilikuwa minane. Ule ulioliwa na nyenje ulikuwa umerudi, mdogo kidogo kuliko mingine, lakini mguu kamili. Aliupitisha ulimi wake kwenye pengo la jino, akaenda kulala.

Ennie, jirani yake, mchuuzi mwenzake wa chisense, mwanamke mnene asiyeogopa mtu, alikuja kila siku kumkanda kwa maji ya moto kama mama yake angemfanyia. Siku ya sita Ennie alikwenda sokoni, na Joëlle akachemsha maji mwenyewe. Mfuniko wa sufuria ukamponyoka, ukaanguka kwenye saruji, ukalia mlio mrefu.

Madamu akashtuka ndani ya sanduku. Rodwell akaweka bisibisi chini.

Hakupiga kelele. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akamtoa nje, akaufunga mlango polepole nyuma yao ili usigonge. Akampeleka hadi nyuma ya chanja za samaki, mbali na nyumba. Hapo akaanza. Makofi mawili ya kumtuliza, ngumi ya tumbo, na alipoanguka akamkanyaga kiuno. Akampiga teke la chini ya kitovu, akavuta pumzi, akampiga jingine pale pale. Joëlle alisikia nyuzi zikiachia ndani yake, moja baada ya moja. Damu ikashuka mpaka visiginoni. Alifungua mdomo, na Rodwell akainama na kuuziba kwa kiganja.

"Usilie kwa nguvu," alisema. "Utamushitua."

Alipomaliza alinawa mikono kwenye pipa, akaikausha, akaingia ndani kwa ncha za vidole.

Chola alikuwa analia. Joëlle alitambaa kwa sababu ya kilio hicho, la sivyo asingeinuka. Alifika mlangoni, akajishikilia kwenye fremu, na kutoka pale alimwona mumewe. Amechuchumaa mbele ya vioo, mikono ameifunga nyuma ya mgongo asije akashawishika kugusa. Shingo ameiinamisha. Anasema na buibui kwa sauti ambayo Joëlle aliwahi kuisikia mwaka wa kwanza wa ndoa, na hakuisikia tena.

"Pole, Madamu. Hakuna mutu atakugusa. Mwili iko laini bado, minajua. Iko inauma. Minajua, minajua."

Joëlle alibaki pale mlangoni, mahali asipopenda kusimama. Alikuwa ameogopa sana maishani mwake, lakini hakuwahi kuchukia hivyo. Hakuwachukia hivyo hata wale wa mapanga. Mtu huyu anajua. Anajua mwili laini ni nini, anajua unauma vipi, anajua hata idadi ya siku za kungoja. Akamnyanyua mtoto, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kwa Ennie akiacha alama nyekundu njia nzima.

Walimshona upya Kafutuma. Nesi alimwandikia karatasi na kutaka kuwaita polisi saa ile ile. Joëlle alimwomba angoje siku tatu. Alikuwa na swali moja, na alitaka kuliuliza mbele ya mama mkwe. Aliogopa pia, tusifiche. Ukoo ukisema tena kwamba mwanao hajui, atarudishwa mara ya tatu, na ya tatu angetoka nyumba ile amebebwa.

Kikao kilikaa siku ya tisa, mchana, uani kwa Bana Rodwell, chini ya bati ambako nyavu huhifadhiwa. Alikuwepo Kangwa, mjomba wa Rodwell na mkubwa wa ukoo, mchungaji, Bana Rodwell mwenyewe, na Ennie aliyekaa nyuma ya Joëlle akimpakata Chola. Wote walifanya biashara na watu wa Kongo, kwa hiyo Kangwa aliendesha kwa Kiswahili ili mgonjwa asikose neno. Rodwell alikuja na shati la kupiga pasi. Alisalimia kila mtu kwa kupiga makofi ya heshima.

"Bana Chola," Kangwa alianza, "tumeona umeumia. Hakuna mutu hapa anafurahi. Mutoto wetu ataomba musamaha kwako. Lakini unamujua vile iko. Hasira ikimupanda, hajue."

"Hajue," Bana Rodwell aliitikia kwa uchungu.

Mchungaji akatikisa kichwa kukubali. Rodwell akatazama chini, kama mtu aliyezoea ugonjwa wake kutajwa mbele ya watu.

"Baba Kangwa, mukwai," Joëlle alisema. "Minaomba kumuuliza Bashi Chola kitu moja, kisha nitanyamaza."

"Uliza."

Akamgeukia mumewe. "Bashi Chola. Madamu akitoka kwa ngozi, mutu anangojea siku ngapi mbele ya kumupa chakula?"

Watu wakatazamana. Rodwell aliinua uso. Swali lilimshangaza, lakini lilikuwa swali analolipenda, na uso wake ukafunguka kabla hajawaza.

"Kama ni mutoto, siku tano. Mukubwa kama Madamu, kumi na ine," alisema. "Unaangalia meno. Nyeupe, hapana. Nyekundu, hapana. Nyeusi, bwino. Mwenye haraka njo anamuua."

"Juu ya nini kungoja yote ile?"

"Juu mwili iko laini." Aliinua mikono kuwaonyesha wazee. "Ametoka kwa kazi ya nguvu sana, baba. Ndani amepasuka-pasuka. Kitu kidogo tu kinaweza kumuharibu."

"Na mutu akimupiga?"

Rodwell alicheka kidogo. "Kumupiga? Mwandi. Hata mufuniko ikianguka mu nyumba ni mubaya."

"Ulijua hii tangu lini?"

"Tangu zamani. Miye njo nilikufundisha."

"Ndiyo," Joëlle alisema. "Ulinifundisha. Alors, Jumapili ile Madamu alitoka kwa ngozi, njo siku miye nilizaa. Kwa miye ulingojea siku ngapi?"

Mchungaji aliangalia viatu vyake. Bana Rodwell alikuwa ameanza kuhesabu kwenye vidole vya mkono wa kushoto, kuanzia Jumapili, midomo ikitembea. Mkono ukaisha, akaongeza kidole gumba cha kulia, akabaki anakitazama.

"Sita," alisema.

Rodwell aliruka benchi. Siku zote alipigia mafichoni, mlango ukiwa umefungwa polepole. Safari hii hakumtoa mtu nje. Alimpata Joëlle kwa ngumi ya sikio mbele ya mjomba, mchungaji na mama yake, akamvuta nywele, akainua mkono tena. Ennie alimtupia Bana Rodwell mtoto, akanyakua kafi lililoegemezwa kwenye nyavu na kulishusha kwa mikono miwili. Lilitua kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ule wa kabureta. Mfupa ulilia kwa sauti ambayo wote waliisikia. Rodwell akapiga magoti. Ennie akampiga la pili mgongoni, na angeendelea kama Kangwa hangemkumbatia kiuno, huku mchungaji amemkalia Rodwell mabegani.

Bana Rodwell alikuwa amesimama, mjukuu amembana kifuani. Alimtazama mwanawe anayeugulia kwenye mchanga, akamtazama Joëlle ambaye damu ilimtoka sikioni.

"Anajua," alisema. Akarudia kwa Kibemba, kwa sauti kubwa, ili hata majirani waliojazana kwenye uzio wasikie. Kisha akamwambia Kangwa amwite askari, na amwambie karatasi ya nesi iko tayari.

Jioni jua likiwa bado liko juu ya ziwa, Joëlle na Ennie walikwenda kuchukua vitu: godoro, sufuria, vitenge, nguo za mtoto. Nyumba ilikuwa kimya. Madamu alikuwa amekaa kwenye kona ya sanduku, na meno yake sasa yalikuwa mekundu kama nyanya ambayo haijaiva vizuri.

Ennie aliiona ndoo ya nyenje. Akaifungua mfuniko, wakaanza kurukaruka ndani. Akaiegemeza juu ya sanduku la vioo.

"Acha nimumwangie bote," alisema. "Bamukule. Akirudi akute miguu tu."

Joëlle alimtazama Madamu kwa muda. Hakuna aliyekuwa akimzuia, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Hapana," alisema. "Rudisha. Siku tano zimebaki."

Akafungua sanduku kwa kiasi cha mkono kupita, akajaza maji kwenye kizibo, akalifunga. Kisha akashika ncha moja ya godoro, Ennie akashika nyingine, wakatoka.